Mzee alikuja na sale nikasaini karatasi, sasa naambiwa bima ingenilipa

Shangazi shikamoo,

Naomba jina langu usilitoe na hata kijiji usikitaje, andika Moshi tu inatosha maana huku juu tunajuana mpaka ng'ombe.

Mi ni fundi cherehani, nina miaka 38 na watoto watatu. Nashona sare za shule, vitenge, na ikifika msimu wa kipaimara na komunyo nakesha kabisa, hapo ndo nilikua napata ada ya watoto. Mwaka jana mwezi wa pili nilipanda boda kupeleka sare mjini, nimezifunga kwenye shuka nimezipakata. Helmeti ilikua moja tu anayo dereva. Tumefika kwenye kona kuna fuso la mchanga linapanda taratibu, nyuma yake Noah ikaamua kuovateki palepale konani ikatukuta upande wetu. Mengine sikumbuki, nakumbuka tu sare zimetapakaa barabarani na mtu ananiambia mama usiangalie mguu.

Paja la kulia lilivunjika na kifundo cha mguu uleule kikasagika. Nimefanyiwa opareshen mbili nimewekewa vyuma na daktari amesema vya kifundo itabidi vije vitolewe. Nilikaa kitandani miezi minne, magongo mawili, sasa natembelea gongo moja na mguu umekua mfupi kidogo. Cherehani yangu ni ya kukanyaga Shangazi. Nikikanyaga dakika kumi kifundo kinavimba kama andazi. Tumeuza ng'ombe wa maziwa, nina mkopo wa vikoba na binti yangu wa kwanza alikaa nyumbani muhula mzima ananihudumia.

Sasa shida yenyewe. Ile Noah inapiga ruti ya huku kwetu na mwenye nayo namfahamu. Sio kumfahamu tu, ndo msimamizi wetu wa ndoa, yeye na mkewe. Mwanangu wa pili amepewa jina lake. Siku ya ajali hakua anaendesha yeye, ni kijana wake wa kazi. Na siwezi kusema uongo, Mzee alikuja hospitali siku ileile, akatoa laki nane, na mke wake alikua ananiletea mtori karibu kila siku mpaka nikatoka.

Kama miezi miwili baada ya kutoka akaja nyumbani na wazee wawili, wameshika sale, lile jani letu Wachaga la kuombea msamaha, na mbege, akasema anaomba radhi kwa niaba ya kijana wake na akaweka milioni moja na nusu mezani. Mimi nililia mume wangu nae akalia. Baadae mzee mmoja akatoa karatasi imeandikwa kwa mkono kwamba nimepokea hela hiyo na sina madai mengine yoyote juu ya ajali. Nikasaini, mume wangu akasaini kama shahidi. Siku hiyo nilikua nimemeza dawa za maumivu, sisemi sikujua ninachofanya, nilijua, ila kichwa kilikua kizito.

Afu mwezi uliopita nimeenda mazoezi ya mguu hospitali nikakutana na kijana mmoja kavaa vizuri ana faili, akaniuliza ilikuaje, nikamwambia. Akasema mama hiyo karatasi haina maana, bima inakulipa milioni thelathini, wewe nipe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, original na risiti zote original nishughulikie, ikitoka nachukua asilimia arobaini. Sijampa bado. Amenipigia mara sita.

Nilipomwambia mume wangu akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema tumeshapokea sale, ukipokea sale halafu ukaenda mahakamani unataka watu watuoneje, na mtoto ana jina la Mzee. Mama yangu mzazi yeye anasema sale haishoni nguo. Dereva mwenyewe nasikia alishapelekwa mahakamani akakiri kosa akalipa faini yakaisha, mimi hata sikuitwa.

Shangazi nisaidie mimi. Nikidai nakua nimevunja kiapo changu mwenyewe? Au nikae kimya nilipe vikoba kwa mguu upi?

Fundi, Moshi

*

Marahaba mwanangu. Pole. Barua yako nimeisoma jana usiku nikaiweka nikairudia asubuhi, na kila mara nikifika kwenye zile sare zilizotapakaa barabarani nasimama kwanza.

Nikikuelewa vizuri unaniuliza kitu kimoja lakini ndani yake viko vitatu vimesokotwa kama ukili. Kuna sale na heshima ya nyumba yako kwa Mzee. Kuna ile karatasi. Halafu kuna kijana wa faili. Nikivijibu kwa pamoja nitakupoteza, na naona huyo kijana ndo wa haraka kuliko wote kwa sababu anapiga simu, basi tuanze nae.

Usimpe original. Sisemi ni tapeli, simjui, lakini jiulize milioni thelathini ameitoa wapi wakati hajaona ripoti ya daktari, hajui ile Noah ilikua na bima gani, hata ile karatasi hajaisoma ameshakwambia haina maana. Mtu akikutajia bei ya gauni kabla hajaona kitambaa wewe fundi unamwamini? Mwenye kazi halali ya kukuwakilisha mahakamani ni wakili, na orodha ya mawakili walioandikishwa ipo kwenye mtandao wa Mahakama, unaweka jina unaona. Kama anafanya kazi chini ya wakili basi akupeleke ofisini kwa huyo wakili mkae chini, asilimia iandikwe, iandikwe pia nani analipa gharama mkishindwa. Karatasi zako piga fotokopi, original zibaki kabatini kwako. PF3 ikipotea kuipata upya utatembea sana na kwa mguu huo sikutakii.

Sasa sale. Hapa nakwenda polepole maana mume wako hakukosea kuliheshimu. Kwa Wachaga jani lile sio pambo, ukishalipokea umesema kinyongo kimekwisha, na ukigeuka kesho watu wana haki ya kukushangaa. Ila nataka nikuulize, siku ile Mzee alileta sale kuombea nini? Ulivyoandika aliomba radhi kwa kuumizwa kwako. Ukasamehe. Ile karatasi kwa maelezo yako ilitoka baadae, mfukoni kwa mzee mwingine. Kwako wewe hivyo vitu viwili vilikua kimoja au viliwekwa tu meza moja? Sina jibu, wewe ulikuwepo. Wale wazee wawili pia walikuwepo na wako hai, wanaweza kuulizwa sale lile lilifunga nini.

Na kuna dhana moja kwenye barua yako naomba tuitikise kidogo. Wewe, mume wako na hata mama mnaongea kama vile kudai ni kuingiza mkono mfukoni kwa Mzee. Inawezekana sivyo. Kisheria gari lolote linalotembea barabarani Tanzania lazima liwe na bima, angalau ile ndogo, thedi pati, na hiyo kazi yake ndo hii hasa: mtu wa nje akiumizwa na lile gari kampuni ya bima ibebe fidia yake. Wewe ulikua juu ya boda, kwa ile Noah wewe ni mtu wa nje kabisa. Watu wengi wanakata bima ili trafiki asiwasumbue halafu siku inapohitajika wanauza ng'ombe. Mzee kama alikata amekua akilipia kila mwaka kitu ambacho siku ya siku hakukitumia akatoa hela yake mwenyewe. Huenda hata hakujua. Au alijua ila aliogopa kitu, nalo linawezekana, na ningependa ujue ni lipi kabla hujamfikiria vibaya au vizuri.

Kwa hiyo kabla ya wakili na kabla ya kugombana na mtu, tafuta namba ya ile Noah. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, wana mfumo wa mtandaoni unaingiza namba ya gari unaona bima yake, kampuni gani, imeanza lini inaisha lini. Wewe unachotaka ni bima iliyokuwepo siku ya ajali, sio ya leo, kwa hiyo kama mtandao unakuonyesha ya sasa tu waulize wenyewe, wana ofisi ya kanda ya kaskazini Arusha. Hapo hujamshtaki mtu, umeuliza tu.

Ukikuta bima ilikua hai, mlango upo. Ukikuta ilishaisha, hapo mwanangu mambo yanabadilika kabisa, maana anayebaki kudaiwa ni dereva na mwenye gari, na huyo mwenye gari ndo aliyekushikia pete. Hapo maneno ya mume wako yana uzito mwingine.

Hata bima ikiwa hai sitaki nikupambie. Unaweza kuanza kwa barua ya madai kwenda kwa kampuni na karatasi zako, wakakubali mkaelewana bila mahakama. Ila wakigoma au wakikuzungusha na ikabidi kufungua kesi, wanaoandikwa kama wadaiwa ni dereva na Mzee, ndo utaratibu, kampuni inakuja kulipa kile mahakama imesema. Kwa hiyo siku moja Mzee anaweza kupokea karatasi ya mahakama yenye jina lako juu na jina lake chini. Akiipokea bila kuambiwa kabla, hata ukimweleza bima mara mia hatasikia. Na kampuni inaweza kuleta hoja zake, leseni ya kijana ilikuaje, gari lilikatiwa bima ya biashara au ya binafsi wakati linabeba abiria, na kuna hali ambazo hata ikikulipa wewe inaweza kumgeukia mwenye gari. Hilo ulijue mapema.

Na boda wako je? Umempita haraka kwenye barua. Alikua anakwenda mwendo gani, alikua upande wake? Helmeti kukosa kwako haifuti kosa la aliyeovateki konani, na majeraha yako yapo mguuni sio kichwani, lakini upande wa pili watalisema tu, jiandae.

Tuje kwenye karatasi. Kijana anasema haina maana, mume wako anaiona kama Biblia. Mimi nadhani wote wameharakisha. Ile ni karatasi yenye sahihi yako, hela ilipokelewa, shahidi yupo, haiwezi kutupwa kama ganda la ndizi. Lakini pia iliandikwa na nani, inamtaja nani, inasema huna madai kwa Mzee au kwa kila mtu, uliambiwa nini kuhusu bima kabla ya kusaini, ulikua kwenye dawa gani siku hiyo, uliachiwa nakala? Haya anayeweza kuyapima ni mwanasheria mwenye karatasi mkononi. Nakusihi tu usiifiche, usiende kwa wakili ukajifanya haipo, itatokea na itakuchafua. Na zile milioni na nusu na laki nane ziseme wazi, zinaweza kupunguzwa kwenye utakachopata na ni haki. Tena kampuni ya bima nayo ikikubali kulipa itakuletea karatasi ya kusaini ya kumaliza madai. Ni kaka wa hiyohiyo ya kwanza. Ukishasaini umefunga, hata vyuma vikigoma mwaka kesho.

Sijui kama umeshaona unasukumwa huku na kuvutwa kule na muda. Sheria ya ukomo inakupa miaka mitatu kufungua madai ya namna hii, na wewe umeshatumia mwaka na miezi. Sio wa kukimbizwa na simu ya mtu lakini pia sio wa kusema tutaona Krismasi watu wakija nyumbani. Upande mwingine mguu haujatulia, bado kuna opareshen ya kutoa vyuma, na ripoti ya daktari inayohesabika ni ile inayosema ulemavu wa kudumu ni asilimia ngapi. Ukidai mapema sana unadai mguu ambao hujaujua. Muulize daktari wako atakua tayari kuiandika lini.

Huku unafikiria, kusanya. Kukusanya sio kudai, hata mume wako halitamuudhi hilo. PF3, ripoti ya mwisho ya polisi ambayo wenyewe wanaiita PF90, ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari. Na ile kesi ya dereva. Umesema alilipa faini yakaisha. Kwa serikali ndo yameisha, ile faini haikua yako na haikuwahi kua yako, lakini kukiri kwake kumeandikwa, na nakala ya hukumu iliyogongwa muhuri wa mahakama ni ushahidi mzito kwamba nani alikosea. Nenda kaiombe.

Risiti nazo. Hasara za hela mahakama inataka karatasi hasa, huwezi kusema kama milioni tatu hivi. Maumivu na maisha kubadilika hilo wanakadiria wenyewe, ila dawa, nauli, opareshen, risiti. Zilizopotea waombe hospitali wakutolee tena. Na kipato chako usikidharau eti sina hati ya mshahara. Lile daftari lako la oda lenye vipimo na hela za advansi, kitabu cha vikoba kinachoonyesha ulikua unaweka shilingi ngapi kila wiki kabla ya ajali na baada, shule iliyokua inakupa tenda ya sare, hao wote wanaongea.

Kuhusu gharama, tangu sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambulika, muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata. Hapo Moshi kuna shirika la KWIECO wanaosaidia wanawake, Arusha Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wana ofisi. Nenda nao wakusomee ile karatasi kwanza, hata kama mwisho wake utaamua usifanye kitu.

Maana kutokufanya kitu nako ni njia, mama yako anisamehe. Unaweza ukasema huyu mzee na mkewe na ule mtori ni watu ninaowataka zaidi ya hela, nabaki na sale langu. Lakini hata hapo, kunyamaza sio lazima kuwe tupu. Opareshen ya kutoa vyuma nani analipa? Cherehani inafungwa mota, unakanyagia mguu wa kushoto. Mzee anaweza kuambiwa haya mawili mbele ya walewale wazee na yakaandikwa. Hatari yake unaijua, Mzee ana umri, akifa ahadi watoto wake hawataijua, na miaka mitatu itakua imepita.

Njia nyingine ni kwenda kwake kabla ya kwenda popote. Wewe na mume wako, bila kijana wa faili. Sio kumtisha. Kumuuliza tu, Mzee gari lilikua na bima? Uliwataarifu kampuni? Anaweza akafurahi akawa yeye ndo wa kwanza kukupa jina la kampuni. Anaweza akanuna. Anaweza pia akaenda kushauriwa na mtu akabana kila kitu, ndo maana nimekwambia angalia namba ya gari kwanza na fotokopi ziwe tayari kabla hujapiga hodi.

Na mume wako, zile siku mbili za kunyamaza sidhani alikua anakukasirikia. Alisaini kama shahidi. Siku ukisema ile karatasi ilikua makosa, unasema nae alikosea, alikuuza bei rahisi mbele ya wazee, na mwanaume wa huku kwetu hilo linamla ndani kwa ndani. Jaribu kumuuliza sio kuhusu bima, muulize siku ile alikua anaogopa nini. Huenda alikua anawaza deni la hospitali tu kama wewe. Usimweleze mambo ya mahakama usiku mmekaa na mkopo wa vikoba katikati yenu, mtagombana bure. Kaangalieni ile namba ya gari pamoja, yeye ndo ashike simu.

Jina lako nimelitunza na kijiji sijakitaja. Ukishajua bima ilikua hai au ilikufa niandikie, hata mistari miwili, na unitajie tarehe ya kliniki ijayo ili nijue mguu unaendeleaje.

Shangazi yako